Manamba wa Chuma

Mtoto wa Mwembesongo hana haja ya kufundishwa roboti ni kitu gani. Anamjua kama anavyoyajua malori yapumzikayo Msamvu, pale ambapo njia itokayo Dar es Salaam hugawanyika, moja ikaenda Dodoma na nyingine Iringa. Amemwona katika kibanda cha video, akiwa ameketi juu ya benchi lisilo na egemeo, au akichungulia katika tundu la bati ikiwa hana kiingilio. Na vita vya roboti amevisikia vikisimuliwa kwa Kiswahili na mtafsiri mwenye sauti ya mkwaruzo, ambaye hakuna chuo kilichomwuliza shahada yake. Akitoka hapo huokota waya, vifuniko vya chupa na nyayo za kandambili zilizokatika, akaunda lori. Jioni lori lile husimama kwa miguu miwili, likapigana.

Katika mabaraza ya wasomi habari hizi hutajwa kwa huzuni. Husemwa kwamba majarida ya picha yenye roboti wapiganao ni ugeni uliotuvamia. Kwamba humfunza mtoto ukatili. Na kwamba wingi wa picha na uchache wa maneno humdumaza msomaji kabla hajaanza kusoma. Dawa inayopendekezwa ni ileile siku zote: mtoto arudishiwe sungura na fisi wake. Mashtaka haya yamerudiwa mara nyingi hata yamekuwa kama dua iliyozoewa, ambayo mdomo huisema huku moyo uko sokoni. Yafaa mshtakiwa mwenyewe aletwe mbele, afunguliwe kurasa, asomwe.

Toleo la kwanza la jarida la watoto liitwalo The Transformers lilitolewa na kampuni ya Marvel ya New York, nalo lina tarehe ya Septemba 1984 na bei ya senti 75 za Marekani. Mwezi huohuo Uingereza nayo ikapata toleo lake. Kisa chenyewe ni hiki. Kuna ulimwengu uitwao Cybertron, usio na watu wala miti, ambao wakazi wake ni mashine zenye akili. Mashine hizo zimegawanyika pande mbili, Autobots wapendao amani na Decepticons wapendao kutawala, na vita vyao vimeuharibu ulimwengu wao. Chombo kiwachukuacho kinaanguka duniani, ndani ya mlima wa volkano huko Marekani, nao wanalala humo miaka milioni nne. Mwaka 1984 mlima unaamka. Kompyuta ya chombo inawaunda upya wote, ikiwapa maumbo ya mashine ilizoziona nje: motokaa, ndege, bunduki, hata redio ya kaseti. Kiongozi wa wapenda amani anakuwa lori. Wakitoka mlimani wanadhani kwamba motokaa ndizo wenyeji wa nchi. Mmoja wao, gari dogo la manjano, anaumia vitani, na kijana wa kibinadamu anampeleka katika gereji ya baba yake, ambaye ni fundi.

Hapana haja ya kukana kwamba kisa hiki kina utamu. Kosa lile la kudhani kwamba motokaa ndizo wenyeji ni mzaha ambao mtunzi yeyote angeuonea fahari. Mtu aliyesimama Msamvu saa kumi na mbili jioni hawezi kuwalaumu roboti wale kwa kukosea. Na fundi aletewaye mgonjwa wa chuma, asijue kama anatengeneza gari au anatibu kiumbe, ni jambo ambalo mtoto yeyote aliyewahi kukaa kwenye gereji ya mtaani, akapeleka spana na kuletewa bisibisi ya kushika, hulielewa mara moja.

Sasa mashtaka. La ugeni halifiki mbali. Abunuwasi tuliyemlea hata tukamsahau asili yake alitoka Baghdad. Kisiwa chenye Hazina kilitoka Uskoti, na Alisi alipoingia katika Kiswahili mwaka 1940 alitoka Uingereza. Hakuna mwalimu aliyewafukuza darasani. Hadithi hupata uraia kwa kusimuliwa, na mtafsiri wa kibanda cha video amekwisha kumpa roboti uraia huo bila kuomba kibali. Kuhusu picha, inatosha kusema kwamba mtoto hukaa mbele ya picha moja kwa muda ambao mtu mzima hapewi kurasa kumi, na kwamba anayedharau picha hajajaribu kuitunga hadithi ndani ya mraba mmoja.

Shtaka la vita lataka kujibiwa kwa urefu zaidi, kwa sababu wanaolileta ni wataalamu wa fasihi ambayo imejaa vita. Utenzi wa kale tulio nao, ule wa Tambuka ulioandikwa na Mwengo mwaka 1728, ni utenzi wa vita vya jeshi la Mtume na Herekali, mfalme wa Rumi. Utenzi wa Ras al-Ghuli una mapanga yanayokata vichwa kuliko jarida lolote la Marekani. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi wa Wadachi walipoitamalaki Mrima, na humo mtu atasikia manowari na mizinga. Yaani vita vya mashine viliingia katika ushairi wa Kiswahili tangu karne ya 19, wala hakuna aliyelia kwamba Kiswahili kimenajisika. Abdul Karim bin Jamaliddini aliviimba vita vya Maji Maji. Tungo hizi zilitungwa zisomwe kwa sauti mbele ya watu, na hakuna habari kwamba watoto waliambiwa watoke nje beti zilipofika penye damu. Basi ikiwa vita ndivyo viovu, maktaba zetu na zichomwe kwanza, ndipo twende kuyachoma majarida ya wenzetu. Na sungura mwenyewe je? Yule humchoma fisi, humfunga, humpeleka kisimani akafa. Mtoto akisikia hivyo hucheka, akalala usingizi mzuri.

Mshtakiwa ana kosa, tena kubwa, lakini mashtaka yaliyoletwa hayakuligusa. Limo ndani ya toleo lenyewe, wazi kwa kila mwenye macho. Baada ya kisa kuanza kwenda mbio, mbio zinasimama. Kiongozi anawataka watu wake wajitaje, na mmoja mmoja wanasimama wakitamka jina na kazi: huyu mpelelezi, huyu mganga, huyu mlinzi. Upande wa pili nao unafanya hivyohivyo. Hakuna sababu ya hadithi inayowalazimisha. Hawa ni jamaa waliopigana bega kwa bega miaka mingi, na jamaa wa namna hiyo hawatambulishani. Wanatambulishwa kwa mtu mwingine, ambaye hayumo katika picha. Huyo ni mtoto mwenye senti chache mfukoni na mzazi karibu, na yale majina ni majina yaliyoandikwa juu ya masanduku dukani.

Maana asili ya mambo haya haikuwa hadithi. Kampuni ya Takara ya Japani ilikuwa imekwisha kuunda vitu vya kuchezea vinavyogeuka kutoka gari hadi mtu. Kampuni ya Hasbro ya Marekani ikavinunulia haki ya kuviuza kwao, kisha ikaona kwamba vitu vile havina majina wala ugomvi, na kitu kisicho na ugomvi hakiuziki. Ikawaendea Marvel. Waandishi wakapewa rundo la wanasesere wa plastiki na chuma, wakaambiwa watafute kwa nini wanapigana. Mtu aweza kustahi ustadi wa Bob Budiansky, aliyewapa wengi wao majina na tabia katika muda mfupi, na bado akaona kilichotokea: vita vilitungwa baada ya bidhaa. Serikali ya Marekani ilikuwa mwaka huohuo wa 1984 imeondoa mipaka ya muda wa matangazo ya biashara katika televisheni, na hadi Bunge lao lilipoirudisha kwa vipindi vya watoto, kwa sheria ya mwaka 1990, kipindi kizima cha mtoto kiliweza kuwa tangazo tangu mwanzo hadi mwisho. Jarida lilikuwa kaka wa kipindi.

Hapa neno lenyewe linatoa ushahidi. Roboti si neno la wahandisi. Lilitoka katika tamthilia ya Karel Čapek, Mcheki, iliyoandikwa mwaka 1920, nalo limeundwa kutokana na neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya shokoa, ile ambayo mkulima alimfanyia bwana wa ardhi bila hiari. Roboti wa Čapek hawakuwa wa chuma. Walikuwa viumbe wa kutengenezwa kiwandani ili wafanye kazi bila kuchoka na bila kudai. Tamthilia inaeleza jinsi walivyochoka, wakadai. Katika mashamba ya mkonge ya Morogoro na Kilosa mtu wa namna hii alikuwa na jina kabla Kiswahili hakijamsikia Čapek. Aliitwa manamba, kwa sababu aliletwa kwa mkataba kutoka mbali, akapewa namba na kipande, na asubuhi hakuitwa kwa jina la baba yake bali kwa namba hiyo, ili ajulikane yupo, apelekwe penye kazi. Wanaotafuta tafsiri ya neno roboti wangeweza kulichukua hilo, kama masikio yao yasingekuwa yameelekezwa ng'ambo.

Mtu akiijua habari hiyo, kurasa zile za kujitaja majina hazisomi tena kama alivyozisoma kwanza. Ni manamba waliopangwa mstari alfajiri. Kila mmoja anaitika, kila mmoja ana kazi yake katika shamba la mtu asiyemwona. Kisa kinawaita mashujaa, lakini hawana hata haki ya kufa kwa ajili ya jambo lao wenyewe. Mwaka 1986 filamu yao ilipotoka, yule kiongozi, lori mpole ambaye watoto wa nchi nyingi walikuwa wamekwisha kumpenda kama mjomba, aliuawa pamoja na wenzake wengi wa mwanzo. Watoto walilia katika majumba ya sinema. Sababu ya kifo chake haikuwamo katika kisa. Bidhaa za 1984 zilikuwa zimepangiwa kuondoka ili zipishe bidhaa za 1986. Waliokata shauri hilo hawakudhani kwamba mtoto anaweza kumwomboleza mtu wa chuma. Vilio vilipowashinda, mwaka 1987 wakamfufua katika televisheni.

Weka kando ya hayo kifo cha Fumo Liyongo, kama Muhammad Kijumwa alivyokiandika mwaka 1913. Liyongo naye ni mtu asiyepenya chuma, naye ana mahali pamoja pa kufia, kitovuni, kwa sindano ya shaba. Anaulizwa siri hiyo na mwanawe, aliyeahidiwa kuozwa binti wa Sultani, anajua kwamba mwana ametumwa, anaisema. Akichomwa huinuka, huchukua uta, hupiga goti penye kisima cha mji, na watu hawathubutu kuteka maji kwa siku kadhaa kwa kudhani yu hai. Hakuna duka lililomhitaji afe. Anakufa kwa sababu ya uchu wa mtawala, usaliti wa mwana na upendo wa baba ambaye hakuweza kumnyima mtoto jibu. Mtoto asikiapo hivyo hupata huzuni iliyo mali yake. Huzuni ya 1986 ilikuwa mali ya watu wengine, wakaiuza tena mwaka uliofuata.

Lipo kundi la pili la wasomi, wenye moyo mwepesi kuliko wale wa kwanza, wasemao kwamba haidhuru mtoto anasoma nini maadamu anasoma. Hawa hawastahili kurasa nyingi. Hakuna mzazi asemaye haidhuru mtoto anakula nini maadamu anatafuna.

Lakini wote wawili, walao huzuni na walao matumaini, wana jambo moja la kujibu. Jarida la Marvel lina umri wa zaidi ya miaka 40. Katika muda wote huo wametoa nini badala yake? Afrika Mashariki haikukosa wachoraji. Juha Kalulu wa Edward Gitau aliwachekesha wasomaji wa magazeti ya Kenya tangu miaka ya 1950. Chakubanga wa Christian Gregory alianza katika Uhuru miaka ya 1960. Saidi Bawji na Nico ye Mbajo waliunganisha mianzo ya majina yao wakapata Sani, na nchi nzima ikaazimana nakala mpaka zikachanika. Kingo wa James Gayo anajulikana na watu ambao hawajawahi kumsoma mshairi yeyote. Hao wote, hata hivyo, waliwachorea watu wazima: walevi, wake zao, makarani na wapangaji. Mtoto alisoma juu ya bega la mjomba wake.

Shujaaz, lililoanza Kenya Februari 2010 na kutolewa bure, lilikwenda kwa vijana, nalo ni jarida lenye akili. Humo kijana alisoma jinsi ya kuwapaka vifaranga rangi ili mwewe asiwatambue kuwa chakula. Shauri zuri, lakini nyuma ya kila kisa yuko mfadhili anayengoja shauri lifike, na msomaji huionja dawa ndani ya uji. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanzishwa Tanzania mwaka 1991 umewafanyia watoto mengi kuliko idara zote za Kiswahili zikiwekwa pamoja, na lawama hizi haziuhusu. Ila kitabu kimoja hukwisha. Toleo la kwanza ni kitu kingine: ni ahadi ya toleo la pili. Humfanya mtoto ahesabu siku, ambacho ni kitendo cha msomaji hasa.

Husingiziwa lugha. Husemwa kwamba Kiswahili hakina maneno ya mashine. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na ndani yake maneno yamelala kama askari waliosahauliwa kambini, kwa kuwa mtoto akimaliza darasa la saba huambiwa kwamba kuanzia kidato cha kwanza nguvu, kani na mwendo vitasomwa kwa Kiingereza. Yale ambayo kamusi haikuyapata yanapatikana gereji: klachi, rejeta, giaboksi, plagi, chesesi. Fundi wa Morogoro huifungua injini nzima na kuifunga tena bila kukopa sentensi moja ya Kiingereza. Mtafsiri wa kibanda cha video naye alithibitisha kwa miaka mingi kwamba roboti hunena Kiswahili cha kutosha hata kutukana. Marehemu Derek Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, aliifanya kazi hiyo mpaka kazi yake ikaandikwa katika vitabu vya wataalamu wa Ulaya, ilhali idara zetu zilikuwa bado zinajadili kama kuna fasihi ndani yake.

Haisemeki vilevile kwamba mambo ya kuandika yamekosekana. Mtu akiinua macho kutoka Mwembesongo anaiona Uluguru. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Waingereza iliwalazimisha watu wa milima ile kuchimba matuta ya ngazi katika mashamba yao, kwa siku zilizopangwa, chini ya macho ya wasimamizi, kwa ajili ya kuhifadhi udongo ambao wenyewe waliuona ukiharibiwa na matuta hayohayo. Julai 1955, huko Matombo, walikataa. Ghasia zikatokea, polisi wakaitwa, na mpango mzima ukaachwa. Kisa cha Čapek, cha watu wa shokoa wanaotupa majembe, kilikuwa kimetendeka umbali wa safari ya nusu siku kutoka mjini. Hakijapata hata picha moja ya kuchorwa kwa ajili ya mtoto.

Na anayetaka vita vya mashine hasa, asiyeridhika mpaka chuma kilipuke, hana haja ya kwenda Cybertron. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilianzishwa Julai 1984, miezi miwili kabla ya tarehe iliyo juu ya jarida lile. Tangu mwaka 2000 shirika la APOPO limefanya kazi pamoja nacho mjini Morogoro, likiwafundisha panya buku kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini. Hakuna roboti mwovu aliyetungwa na Marvel anayelifikia bomu la aina hiyo. Halina macho, halili, halijui kwamba vita vimekwisha, na baada ya miaka 30 bado hungoja mguu, wa askari au wa mtoto afuataye mbuzi. Anayelikabili ni mnyama wa kilo moja na kidogo, ambaye uzito wake haulitoshi kulipuka. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa na kufunzwa Tanzania, akapelekwa Kambodia mwaka 2016, akavumbua mabomu na vilipuzi vingine zaidi ya 100, akapewa nishani ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020, akastaafu 2021, akafa Januari 2022 kwa uzee. Eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi alilimaliza kwa nusu saa. Mtu mwenye kifaa cha kutafutia chuma huweza kutumia siku nne hapohapo, kwa sababu kifaa humsimamisha penye kila msumari na kila kifuniko cha chupa. Panya hunusa baruti tu. Vifuniko vya chupa huvipita bila kugeuka.